Jinsi ya kutesti malipo ya M-Pesa kabla app haijafika kwa wateja

Mimi ni testa hapa Nairobi, na sehemu ya app iliyonilisha ugali zaidi ni malipo ya M-Pesa. Divelopa anakuletea kazi anasema "iko poa, nimelipa bob moja ikapita." Sawa, imepita. Sasa tuanze.

Hatua ya 1. Fungua akaunti ya Daraja, ile ya Safaricom ya madivelopa, anzia sandboksi yao, namba ya biashara ya kutesti ni 174379. Huko ni mahali pa majaribio tu. Baadaye lazima urudie na laini yako mwenyewe, kumi kumi tu zinatosha.

Hatua ya 2. Namba za simu. Jaza ikianza na 07, ikianza na 254, ikiwa na +254, ikiwa na nafasi katikati, alafu weka ya 011 manake hizo laini zipo miaka sasa na bado nakuta app inazikataa. Jaribu pia bei yenye senti, M-Pesa haipokei senti.

Hatua ya 3, hapa ndo penye kazi. Anzisha malipo, simu ikikuomba PIN usiweke, kansela. Jibu linafaa kurudi na namba ya matokeo 1032. Rudia laini ikiwa haina pesa, inarudi 1. Zima simu kabisa, 1037. Kosea PIN makusudi, 2001. Na kila mara angalia mteja anaambiwa nini kwenye skrini, manake mtu aliyepungukiwa na shilingi hamsini ukimwonyesha "imefeli, jaribu tena" atajaribu mara tano alafu atahamia duka lingine.

Hatua ya 4. Mwambie divelopa akupe lile jibu seva ya M-Pesa inawarudishia mtu akishalipa, lichukue ulitume tena kwenye seva ya app kwa mkono na Postman (programu ya kutumia seva ujumbe), mara tatu. Oda lazima ibaki moja. Kuna duka moja la viatu nilifanya hivyo, kwenda kuangalia nakuta pea tatu ziko tayari kupakiwa, risiti ni moja. Alafu nikabadilisha namba ya risiti nikaweka herufi za kubuni tu, na oda bado ikaandikwa "imelipwa"! Yaani yeyote akiijua linki ya seva inapopokelea hayo majibu anajichukulia viatu bure. Divelopa alinyamaza kidogo, akaomba chai.

Hatua ya 5. Saa. Seva nyingi zinatumia UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo lipa saa saba usiku kisha fungua ripoti ya mauzo. Ikikuambia ni ya jana, mhasibu atakuja kukutafuta mwisho wa mwezi.

Hatua ya 6. Ripoti ya bagi, yaani hitilafu uliyoikuta. Weka kiasi, saa, CheckoutRequestID (namba ya kutambulisha ombi la malipo), ulitarajia nini na ukaona nini, na picha ya skrini. Ukiandika tu "malipo haifanyi" divelopa atafunga hiyo tiketi na hatakuwa amekosea.

Akisharekebisha, rudia hatua ya 3 na ya 4 zote, sio ile bagi peke yake, hata kama ni Ijumaa saa kumi na moja jioni na kila mtu ameshabeba begi.