Kivuli kinachosogea na jua kwa dirisha la magharibi

Wadau wa Mtwara na Lindi, kama chumba chako kina dirisha la kioo linaloangalia magharibi unajua kuanzia saa tisa mle ndani hakukaliki, na pazia halisaidii kivile maana jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kivuli kiwe nje ya kioo, tena kiwe kinasogea.

Paris kuna jengo la Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, la 1987, ukuta wake wa kusini una matundu ya chuma yanayofunguka na kubana kama mboni ya jicho kufuata mwanga, mazuri mno, ila mitambo yake ilikuja kukwama. Sasa mota zikikwama kule, kwetu na hii chumvi ya bahari itakuwaje? Mkono unatosha.

Tengeneza fremu ya mbao iliyopigwa dawa ya mchwa, izidi dirisha kama sentimita 20 kila upande, usibane hapo, kwa sababu mwezi wa sita jua linazama limeegemea kaskazini na wa kumi na mbili limeegemea kusini, kwahiyo linachungulia pembeni. Dirisha likiwa pana gawa fremu mbili, zisiwe nzito. Ndani ya fremu panga papi, yaani vibao vyembamba, zimelala kwa mshazari, ukingo wa nje ukiwa chini, ziachane kidogo upepo upite. Mianzi nayo inafaa ila haidumu sana.

Bawaba zikae juu, na fremu iachane na ukuta kama sentimita 10 ili hewa ya moto ipande itoke. Chini weka fimbo mbili za kusukumia, ndefu na fupi. Saa tisa jua bado liko juu, weka ndefu, fremu isimame nje kama kibaraza. Saa kumi na moja limeshuka, weka fupi, fremu ikaribie ukuta. Jua likizama inua yote na fungua kioo, hasa wakati wa kusi, maana upepo ukiingia madirisha ya kusini na mashariki lazima upate pa kutokea, na hapo ndo njia yake.

Mvua ikija na upepo shusha ufunge na ndoano. Bawaba na skrubu nunua za shaba au stenlesi, zile za kawaida kwa sisi wa Shangani, Mtwara, zinakula kutu haraka mno, mi nilishabadilisha seti nzima.