Baiskeli ya umeme uliyojiundia mwenyewe: vile utapata sevisi huko majuu na ukirudi Malindi

Wengi wenu mlio majuu mmechukua baiskeli ya kawaida mkaifunga mota na betri wenyewe, inaenda vizuri kabisa, mpaka siku breki zianze kulia muipeleke duka la baiskeli muambiwe hii hatugusi. Usichukulie kwamba wamekudharau. Wanachoogopa ni betri. Hawajui nani aliiunda wala seli, vile vibetri vidogo vya ndani, zimetoka wapi, na ikishika moto usiku ndani ya duka bima yao inaweza kukataa kulipa. Jijini New York hofu imefika mbali, tangu 2023 hairuhusiwi kuuza baiskeli ya umeme isiyofikia UL 2849, kiwango cha usalama wa mota, betri na chaja.

Kwa hivyo dawa ni kutenganisha baiskeli na umeme wake. Betri iache nyumbani, dukani peleka baiskeli. Piga simu kwanza useme wazi: nimeifunga mota mwenyewe, betri sitakuja nayo, nataka mnitengenezee breki, cheni na gurudumu tu. Ukificha alafu fundi aone waya mwenyewe, hapo hata pancha hakuzibii. Maduka makubwa yanayouza baiskeli zenye mota za kampuni kama Bosch na Shimano yamezoea kuchomeka kompyuta ya kampuni kusoma shida ya mota, yako pale haisomeki, afadhali fundi mdogo wa mtaani ama zile karakana za jamii unazoenda kutengeneza mwenyewe ukiazimwa spana. Na ujue sheria ya ulipo. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni wati 250 na mota inatakiwa iache kusaidia ukifika kama kilomita 25 kwa saa, Marekani majimbo mengi yanaruhusu mpaka wati 750. Ukifunga mota ya wati 1000 ukazunguka nayo barabara za London, kisheria hiyo si baiskeli tena, na fundi akiikataa ana haki.

Sasa ukirudi Malindi mambo yanageuka, manake hapa fundi hakukatai. Baiskeli hapa ni kazi, zinabeba madumu, magunia na abiria, na wazee wanaozitengeneza wana mkono ambao huko ungeulipia pesa nyingi, rimu iliyopinda anainyoosha kwa jicho tu. Shida ni kwamba kitu cha kwanza atakachofanya ni kuipindua, matako juu, isimame kwa kiti na hendeli, na pale kwa hendeli ndo pana skrini yako na kile kitufe cha gesi, yaani cha kuongeza mwendo. Vitavunjika. Mwambie kwa adabu, "Shikamoo mzee, naomba tuweke tairi kuukuu huku chini," ama uje na vipande viwili vya mbao.

Gurudumu la mota ndo la kusimamia mwenyewe, usiende kunywa chai. Kabla nati hazijafunguliwa chomoa waya wa mota kwenye soketi yake, nyingi ina mshale, unavuta moja kwa moja bila kuzungusha. Nati huwa kubwa, mara nyingi spana 18, na kuna washa yenye jino pamoja na kile chuma kinachoshika ekseli isizunguke. Piga picha kabla ya kutoa, kila kitu kirudi vile kilivyokuwa, manake chuma kile kikisahaulika siku ukivuta gesi ekseli itajizungusha yenyewe, itachana fremu na kukata waya wote mara moja. Spoku za mota nazo ni fupi na nene kuliko za kawaida, beba za akiba kutoka huko pamoja na pedi za breki za diski.

Upande wa umeme usimpe fundi baiskeli, mpe fundi elektroniki aliyezoea kuunganisha waya kwa risasi na ana mita ya kupima volti. Betri ya volti 36 ikijaa inasoma 42, ya 48 inasoma 54.6. Akikwambia ile bodi inayolinda seli tuiruke ndo iwake, kataa, chukua betri yako uondoke.

Kuisafirisha: kwenye ndege ya abiria betri inayozidi watisaa 160 haipandi (watisaa ni volti mara ampisaa, zote zimeandikwa kwenye betri), na ya volti 36 ampisaa 10 tayari ni 360, kwa hivyo sahau. Kwa meli ni mzigo wa hatari daraja la 9, lazima utangazwe kwa wakala, usiifiche katikati ya nguo. Chaja nayo isome vizuri, umeme wetu ni volti 240, iliyoandikwa 110 peke yake itaungua siku hiyo hiyo.

Alafu chumvi. Upepo wa bahari hapa unakula chuma, na kwenye soketi za waya unaleta kutu ya kijani huioni mpaka mota ianze kukatakata njiani. Futa kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi, usiipeleke kwa wale wa kuosha magari na pampu ya presha, maji yanaingia ndani ya mota. Waya unaoingia kwa ekseli uache ujikunje kushuka chini kidogo kabla ya kupanda, mvua ya masika ichuruzike pale isifuate waya ndani.

Na kama unamwachia mdogo wako mpaka likizo nyingine, betri ibaki na chaji nusu, itolewe kwa baiskeli, ikae chumba chenye hewa mbali na jiko na jua la bati, aipime kila baada ya miezi miwili mitatu, na ikianza kufura asiichaji tena, aitoe nje ya nyumba.