Kabla hujaleta sikilidi nyumbani, weka haya sawa kwanza

Samaki ndio kitu cha mwisho kununua. Naanza na hili kwa sababu wengi wetu tunaanza kinyume, mtu kaona sikilidi wa njano na wa bluu wanang'aa kwenye kioo, roho imependa, kanunua sita pamoja na tangi siku hiyohiyo, kafika nyumbani kajaza maji kamimina samaki, na ndani ya wiki mbili wamekufa wanne na wawili waliobaki wanahema juujuu ya maji. Mimi nilianza hivyohivyo na mpaka leo inaniuma, maana wale samaki walikuja wazima kabisa, haraka yangu ndio iliwaua.

Kitu cha kuamua mwanzo ni ziwa, rangi baadaye. Sikilidi ni ukoo mkubwa sana wa samaki, hata perege na sato ni ndugu zao, ila hawa wa Afrika wanaofugwa kwenye vioo wengi asili yao ni maziwa matatu, Nyasa (wengine wanaliita Malawi), Tanganyika na Victoria, na kila ziwa lina maji yake na samaki wenye tabia zao. Nyasa ndiko wanakotoka mbuna, samaki wa kwenye mawe, wana rangi kali na ukorofi mwingi, wanashinda wakikwangua mwani kwenye miamba, na hukohuko kuna kina Aulonocara ambao ni wapole zaidi na madume yao yana rangi kama tausi. Tanganyika kuna wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, mfano Neolamprologus multifasciatus, dume lake likikua sana ni kama sentimita 5 tu, kwa hiyo mwenye nafasi ndogo anaweza kufuga ukoo mzima kwenye tangi la lita 60 na akafurahi kuliko mwenye lita 400. Victoria kuna furu, sikilidi wadogo wa huko, na hawa nawaombea watu wawatunze kwa heshima, kwa sababu sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alikuja kuwamaliza, ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa hazionekani tena, na zipo chache ambazo mpaka leo zinatunzwa kwenye matangi ili zisipotee kabisa. Chagua ziwa moja, ubaki nalo. Kuchanganya mbuna na samaki wa Tanganyika kwenye tangi moja ni kuwatesa wote, chakula tofauti, ukali tofauti, hata maji hayafanani.

Ukishajua unamtaka nani ndio unajua tangi. Kwa mbuna usishuke chini ya lita 200 na uangalie urefu kuliko kimo, lenye urefu wa sentimita 120 ndio zuri, maana samaki akifukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia na kimo hakimsaidii. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 linabeba lita 240, hizo ni kilo 240 za maji peke yake, ongeza kioo, mchanga na mawe unavuka 300 kirahisi. Kwa hiyo meza ya kawaida haifai kabisa, tengeneza stendi imara, pima na pimamaji kama imenyooka, weka mbali na jua la dirishani, na hakikisha pana nafasi ya kupitisha mkono na ndoo nyuma yake. Mfuniko usiusahau, hawa samaki wakifukuzana wanaruka nje.

Mawe yanatangulia mchanga. Sikilidi wanachimba mno, ukimwaga mchanga halafu ukapanga mawe juu yake watachimbua chini ya jiwe usiku, jiwe litaporomoka, likigonga kioo umepoteza kila kitu. Panga mawe yakae kwenye sakafu ya tangi yenyewe, chini unaweza kutandika kipande cha plastiki laini cha kulinda kioo, jenga mapango mengi yenye milango miwili, alafu ndio umwage mchanga kuzunguka. Mawe ya chokaa ni mazuri kwa sababu yanasaidia maji yabaki na ugumu, yani madini mengi ndani yake, na kuyajua ni rahisi, dondoshea siki kidogo, likitoa mapovu lina chokaa. Jiwe lenye madoa ya kutu au linalometameta kama madini liache.

Kuhusu maji yenyewe, Nyasa pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ndio katikati) inacheza kati ya 7.8 na 8.6, Tanganyika iko juu zaidi inafika 9, joto nyuzi 24 mpaka 27 linawafaa. Maji yako ya bomba yapime kabla ya yote, huenda ni magumu tayari na huna la kuongeza. Kama ni laini, mchanga wa matumbawe na mawe ya chokaa yatayapandisha taratibu, na hivyo ndivyo ninavyopenda mimi kuliko kumimina kemikali kila wiki, kwa sababu pH inayopanda na kushuka inawachosha samaki kuliko pH ambayo imepungua kidogo lakini imetulia. Klorini ni lazima uitoe kwa dawa yake. Mazoea ya kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha yanasaidia kama ni klorini ya kawaida, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kwa kulaza maji, unaamka asubuhi iko palepale.

Sasa hapa ndipo naomba utulie usome, maana ndipo samaki wengi wanapofia. Samaki anatoa amonia, kwa mkojo, kwa kinyesi, na zaidi kwa kupumua kwenye mashavu yake, yani matamvua, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi ndani ya filta, wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo unaipunguza wewe kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina hao bakteria. Kuwakuza kunachukua wiki 4 mpaka 6 na hakuna njia ya mkato ya kuaminika zaidi ya kupewa sponji chafu kutoka kwenye filta ya mtu ambaye samaki wake ni wazima. Na kwa sikilidi wetu hili ni zito kuliko kwa samaki wengine, kwa sababu amonia inabadilika sura kulingana na pH, kwenye maji ya pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1, lakini kwenye pH 8.5 na joto la nyuzi 25 inafika kama asilimia 15. Yani kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angevumilia siku kadhaa, mbuna wako kinamuunguza mashavu leo.

Kwa hiyo jaza tangi, washa filta na hita, weka amonia safi isiyo na sabuni wala harufu ya kuongezwa mpaka ifike miligramu 2 kwa lita, pima kila siku mbili, ikishuka rudishia. Utaona amonia inashuka, nitriti inapanda sana inakaa hapo mpaka unakata tamaa, alafu siku moja unapima imeshuka. Siku ambayo ukiweka miligramu 2 za amonia, kesho yake amonia ni 0 na nitriti ni 0, badilisha maji mengi kupunguza nitrati, tangi liko tayari. Andika namba zote kwenye daftari maana kichwa kinasahau. Na ukija kusafisha filta, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ukiipeleka bombani klorini inaweza kuua bakteria wengi na unarudi mwanzo huku samaki wamo ndani.

Filta ya mbuna iwe kubwa, isukume mara 6 mpaka 10 ya ujazo wa tangi kwa saa. Hita nashauri mbili ndogo badala ya moja kubwa, hita ikiharibika mara nyingine inagoma kuzima, ile kubwa inawapika samaki, ndogo inakupa muda wa kugundua. Na pampu ya hewa ya betri iwepo nyumbani, umeme ukikatika kinachowamaliza samaki haraka ni hewa kuisha, joto linashuka polepole.

Idadi ya samaki inawachanganya wengi. Mbuna wachache ni hatari kuliko wengi, ukiweka wanne mmoja atajifanya mfalme na atamfuata mnyonge wake mpaka amuue, ila wakiwa 18 au 20 kwenye lita 240 hasira inagawanyika, hakuna anayebeba mzigo peke yake. Hii inafanya kazi kama filta inatosha na unabadilisha maji asilimia 30 mpaka 50 kila wiki, bila hivyo usijaribu. Kila dume liwe na majike 3 au 4, na usiweke aina mbili zinazofanana rangi, watapigana na pia watazaliana. Wa kuanza nao mimi namtaja kila siku Labidochromis caeruleus, yule wa njano, ni mpole kwa kiwango cha mbuna. Melanochromis auratus ni mzuri wa macho ila kwa mgeni usimguse, jike na dume wote ni moto.

Chakula kinunuliwe kabla ya samaki, na kwa mbuna kiwe cha mimea, chenye spirulina, aina ya mwani wa kukaushwa. Utumbo wao ni mrefu kwa ajili ya mwani, ukiwashindilia vyakula vya nyama wanapata ugonjwa wa kuvimba tumbo, samaki anaanza kwa kutema chakula, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, anajitenga, tumbo linajaa, na ukishaona limejaa umechelewa. Kidogo kidogo mara mbili kwa siku, cha kuisha ndani ya dakika moja, inatosha.

Kuhusu kuzalisha, usiseme utajipanga wakianza, kwa sababu mbuna wakiwa na afya wanaanza bila kukuuliza. Dume linasafisha kipande cha mchanga au jiwe bapa, rangi inakolea, linatetemesha mwili mbele ya jike. Jike akitaga anageuka hapohapo anayaokota mayai kwa mdomo, na dume lina madoa ya njano kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai, jike anayafuata kama vile kuna yaliyobaki, na hapo ndipo anapokea mbegu na mayai yanarutubishwa mdomoni. Nimeliona mara nyingi na kila mara naacha ninachofanya. Baada ya hapo mtazame jike kidevuni, kimeshuka kama kifuko, mdomo unatafuna taratibu kumbe anageuza mayai, na chakula kikiingia anakitazama tu, hakili. Atakaa hivyo kama wiki 3. Ukimwacha tangi kubwa vifaranga wengi wataliwa siku ya kutemwa, kwa hiyo tangi la pili la lita 40 hivi, lenye filta ya sponji, liwe tayari limekomaa. Siku ya 14 mpaka 18 unamhamisha usiku taa zikiwa zimezimwa, anakuwa ametulia, ila fanya polepole maana jike akishtuka anaweza kutema au kumeza wote. Vifaranga wanakula atemia wachanga (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) na chakula cha kusaga laini. Jike mpumzishe siku chache na umlishe vizuri kabla hajarudi, amefunga wiki tatu.

Na watakwenda wapi? Jike mmoja anaweza kukupa 20 au 30 kila baada ya miezi miwili, una majike kumi, piga hesabu. Tafuta wafugaji wenzako mapema, au waache wazaliwe tangi kubwa maumbile yapunguze. Waliochanganyika aina usiwagawe kwa jina la aina halisi, na usimwage samaki mtoni wala ziwani, hata ziwa la asili yao, unapeleka magonjwa na damu ngeni kwa waliopo.

Ukifika hapa ndio kalete samaki. Walete wakiwa wadogo na kwa kundi moja kama unaweza, wanaofuata baadaye wapite kwanza tangi la pembeni wiki 3 au 4. Elesha mfuko juu ya maji dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani yake, watoe kwa wavu na maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa. Usiwape chakula usiku huo, waache watafute mapango yao, kesho asubuhi pima amonia kabla hujafungua kopo la chakula.