Safari ya Kwanza Ulaya Bila Kukimbizana: Shika Reli Moja, Vienna hadi Bologna

Ratiba nyingi za Ulaya ninazoletewa nizikague zinafanana: Paris siku 2, Amsterdam siku 2, Roma siku 2, Barcelona siku 2, na Zurich siku 1 "ya kupita tu". Ukipiga hesabu, nusu ya likizo inaishia viwanja vya ndege. Mtu anarudi na picha 900 na miguu imevimba, na ukimuuliza alikula nini Roma, hakumbuki.

Mimi sianzi na orodha ya miji. Naanza na reli. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni reli ya kusini ya dola la Austria, iliyokamilika mwaka 1857 kuiunganisha Vienna na bandari yake ya Trieste. Inapita Graz, Maribor na Ljubljana. Siku hizi reli hiyohiyo inakupitisha nchi tatu na lugha tatu, milimani, mapangoni, hadi baharini. Mwishoni nimeongeza Bologna, mji wa Italia, na sababu zake utaziona. Jumla ni usiku 20.

Hatua ya 1: Gawa usiku kabla hujagusa tiketi

Chukua karatasi, andika: Vienna 4, Graz 3, Ljubljana 4, Trieste 3, Bologna 6. Sharti langu ni moja: hakuna mji wa chini ya usiku 3. Ukilala usiku mmoja, asubuhi unafunga begi, mchana uko njiani, jioni unatafuta hoteli nyingine. Mji hujauona.

Vienna nimeipa 4 kwa sababu siku ya kwanza haihesabiki. Umeshuka kwenye ndege ya usiku, kichwa kizito. Siku hiyo ni ya kuoga, kula na kutembea mtaa wa jirani.

Sasa jumlisha kwa nchi: Italia 9 (Trieste na Bologna), Austria 7 (Vienna na Graz), Slovenia 4 (Ljubljana). Usiipuuze hesabu hii, tutairudia kwenye viza.

Kuhusu majira, chagua Mei au Septemba. Agosti iepuke: Bologna inachemka, na maduka mengi ya familia hufungwa karibu na sikukuu ya tarehe 15. Majira ya baridi Trieste hupigwa na upepo uitwao bora, unaoweza kumyumbisha mtu mzima barabarani.

Hatua ya 2: Ndege iingie mji mmoja, itokee mwingine

Usikate tiketi ya kwenda na kurudi Vienna, maana utapoteza siku nzima kurudi ulikotoka. Kwenye tovuti ya shirika tafuta chaguo la miji tofauti: kuingia Vienna, kutokea Bologna. Turkish Airlines na Emirates hufika miji yote miwili, na zote zinatua Dar es Salaam na Nairobi. Mara nyingi bei haipishani sana na tiketi ya kawaida. Kwa sasa weka nafasi tu, usilipie tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka.

Hatua ya 3: Viza

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Viza moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, inatosha kwa safari yote hii, lakini huchagui ubalozi kwa kuangalia wapi foleni ni fupi. Maombi yanakwenda kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Kwa mgawo wetu ni Italia, ambayo ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Ukipunguza Bologna ziwe usiku 3 na kuiongezea Vienna, umehamia Austria bila kujua. Ndiyo maana nilikuambia ugawe usiku kwanza.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika 45. Mimi huwaambia watu waende miezi mitatu kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima iwe ya angalau yuro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Pasipoti ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu.

Taarifa ya benki isomeke kama maisha yako ya kawaida. Shilingi milioni kumi zilizoingia wiki iliyopita kutoka kwa shemeji hazimdanganyi mtu, zinazaa maswali. Kama kuna anayekusaidia kulipia, sema wazi na uambatanishe barua yake. Hoteli weka zile zinazokubali kughairi bure, na tarehe zifuatane bila kuacha hata usiku mmoja wazi.

Wenye pasipoti ya Uingereza au Kanada wataruka hatua hii, ila kikomo cha siku 90 ndani ya siku 180 kinawahusu nao. Na kwa wote: tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha, basi usipange miadi yoyote saa moja baada ya kutua.

Onyo la mwisho: viza ikiwa ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Bosnia au Serbia "kuona tu", umetoka Schengen na hurudi.

Hatua ya 4: Tiketi za treni

Safari ni nne tu: Vienna–Graz, Graz–Ljubljana, Ljubljana–Trieste, Trieste–Bologna. Watakushauri ununue pasi ya treni ya Eurail. Kwa safari nne fupi hailipi.

Treni za Austria zina tiketi za bei ya punguzo ukinunua mapema kwenye tovuti ya ÖBB, shirika la reli la nchi hiyo, lakini zimefungwa kwenye treni ileile uliyochagua. Vienna hadi Graz ni saa mbili na nusu hivi. Usilale njiani: kati ya Gloggnitz na Mürzzuschlag unapanda reli ya milimani ya Semmering, kilomita 41 zilizofunguliwa mwaka 1854, zenye mahandaki 14 na madaraja marefu 16 ya mawe na matofali. Injinia wake, Carl von Ghega, alizaliwa Venice, kwa hiyo unasafiri kuelekea kwao.

Graz hadi Ljubljana treni za moja kwa moja ni chache kwa siku, hivyo kata mapema. Ljubljana hadi Trieste basi lina kasi kuliko treni. Mimi hupanda treni, na sababu nitaitaja hatua inayofuata. Kwenda Bologna utabadilisha treni Mestre, nje kidogo ya Venice. Treni za mikoa za Italia bei yake haipandi, unaweza kununua siku hiyohiyo; ukiwa na tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, usije ukatozwa faini.

Pasipoti ikae mwilini, si kwenye begi la juu. Mwaka 2023 Italia ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia.

Halafu saa. Safari yangu ya kwanza tiketi ilisema 7:58, nami kwa mazoea nikaandika kwenye daftari "treni saa 1:58". Usiku nikalisoma daftari kwa macho ya kizungu, nikaelewa ni saa nane mchana. Nikalala vizuri, nikanywa chai taratibu, na treni yangu ilikuwa imeshavuka milima. Siku hizi naandika kama tiketi inavyosema, 07:58, na kando yake kwa maneno: saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi. Ukifika Graz panda mlima wa Schlossberg ukautazame mnara wa saa. Mshale mrefu unaonyesha saa na mfupi unaonyesha dakika. Niliposimama pale nilijisikia nimepata ndugu.

Hatua ya 5: Jambo moja kwa siku

Kila siku andika jambo moja tu, la asubuhi. Mchana acha wazi.

Graz jambo lako liwe soko la wakulima la Kaiser-Josef-Platz. Nunua mkate, kisha omba uonje mafuta ya mbegu za maboga, ya kijani kizito karibu na weusi, yanayonukia kama karanga zilizokaangwa. Chupa ndogo ifunge kwenye soksi.

Sababu ya kupanda treni Ljubljana–Trieste ni kwamba Postojna na Divača ni vituo vya reli hiyohiyo. Postojna kuna pango lenye treni yake ndani, iliyoanza mwaka 1872. Kutoka Divača unafika mapango ya Škocjan, ambako mto unanguruma chini ya ardhi na wewe unapita juu yake kwenye daraja. Ukiwa na siku moja tu, nenda Škocjan. Ndani ni baridi, beba sweta hata kama nje ni jua kali.

Trieste kaa baharini na unywe kahawa, lakini jifunze kuagiza. Hapo "nero" ni spreso, kahawa nzito ya kikombe kidogo, na "capo in b" ni spreso yenye povu kidogo la maziwa kwenye glasi ndogo. Kwingine Italia hawatakuelewa.

Bologna ni kambi. Modena, Ferrara na Ravenna zote unakwenda na kurudi siku moja bila begi. Ravenna usiikose, kwa michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 5 na ya 6. Siku ya mvua panda hadi kanisa la San Luca, juu ya kilima, kwa miguu: karibu kilomita nne chini ya matao 666, na hulowi.

Hatua ya 6: Chakula na Jumapili

Kwa wasiokula nguruwe, andika maneno matatu kwenye simu: Schwein kwa Kijerumani, svinjina kwa Kislovenia, maiale kwa Kiitaliano. Bologna kuwa makini zaidi, kwani mchuzi wao wa nyama mara nyingi huwa na nguruwe ndani, na soseji yao ya mortadella ni nguruwe mtupu. Chagua tortelloni, tambi zilizojazwa, za jibini na mboga. Ljubljana utapata burek, andazi la unga mwembamba lenye nyama au jibini ndani, na msikiti uliofunguliwa mwaka 2020. Vienna upo mmoja mkubwa tangu 1979.

Austria maduka hufungwa Jumapili. Nunua Jumamosi, au nenda duka la stesheni kuu. Maji ya bomba ya Vienna yanatoka milimani, usinunue ya chupa.

Hatua ya 7: Begi

Moja, kilo zisizozidi 10. Utafua katikati ya safari, Ljubljana. Wiki moja kabla ya kuondoka lifunge kama unasafiri kweli, ulibebe mwenyewe kwa ngazi hadi ghorofa ya tatu, bila lifti wala mpwa wa kukusaidia. Ukifika juu unahema, teremka, toa jozi moja ya viatu na ile suruali ya "labda nitaihitaji", kisha panda tena.