Jinsi ya Kuchagua Shahada ya Teknolojia ya Habari ya Mtandaoni Ukiwa Umeajiriwa Kutwa

Kwa miaka sita nilisoma shahada ya teknolojia ya habari huku nikiwa fundi wa kompyuta na mtandao katika kampuni moja ya Industrial Area, Nairobi. Katika miaka hiyo niliwaona wenzangu wengi wakiacha masomo njiani, na wengi wao walikuwa watu waliozimudu kozi zenyewe vizuri. Walikuwa wakiishi kwa kalenda mbili, ya mwajiri na ya chuo, na kalenda hizo zilipogongana hata kwa mwezi mmoja, masomo ndiyo yaliyowekwa kando. Vijitabu vya vyuo huanza na sifa za kujiunga na kumalizia na karo. Mimi ninakuomba uanze na wiki yako, kisha tufike huko kwingine.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako kwa kalamu na karatasi

Wiki ina saa 168. Chukua mfano wa mtu anayekaa Githurai na kufanya kazi Industrial Area kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi inachukua saa 45, ukihesabu na mapumziko ya mchana. Msongamano wa Thika Road na wa katikati ya jiji unachukua saa 15, ikiwa safari ya kwenda na kurudi ni saa tatu kwa siku. Usingizi wa saa saba kila usiku ni saa 49. Zinabaki saa 59, na humo mna kupika, kufua, watoto, ibada, mkutano wa chama, wagonjwa wa kuwajulia hali na safari za nyumbani mashambani. Mtu anayejiambia ukweli atajikuta na saa 20 hivi za kusoma.

Kwa uzoefu wangu, kozi moja ya kuandika programu au ya hifadhidata ilihitaji saa nane kwa wiki, na kozi ya nadharia ilihitaji saa tano au sita. Saa 20 basi zinabeba kozi mbili kwa utulivu na tatu kwa taabu. Tuseme shahada unayoitazama ina kozi 42 na chuo kina mihula mitatu kwa mwaka. Ukichukua kozi mbili kila muhula utamaliza kwa miaka saba. Ukichukua tatu, kwa karibu miaka mitano. Hesabu hii inakupa swali la kwanza la kuuliza chuo chochote: je, muda wa juu unaoruhusiwa kukamilisha shahada ni miaka mingapi? Kama jibu ni pungufu ya hesabu yako, programu hiyo haikufai, hata iwe na sifa gani.

Ikiwa una stashahada, uliza pia ni kozi ngapi utakazosamehewa, na uombe jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa. Kusamehewa kozi 10 katika mfano huu kunakuachia 32, yaani miaka mitano na muhula mmoja kwa mwendo wa kozi mbili. Maneno ya mdomo ya afisa wa udahili hayatoshi, kwa sababu anayeamua ni idara, na idara huamua baada ya kuona matokeo yako na maelezo ya kozi ulizosoma. Yaombe maelezo hayo katika chuo chako cha zamani mapema, maana huchukua muda kupatikana.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba chuo na programu vinatambuliwa

Nchini Kenya kazi hii ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi wanaijua kama CUE, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Watu wengi huishia kuangalia jina la chuo tu. Tume huidhinisha chuo, na huidhinisha pia kila programu, kwa hiyo tafuta jina kamili la shahada yako, neno kwa neno, katika orodha ya programu zilizoidhinishwa.

Kwa chuo cha nje, hakikisha kwanza kwamba kinatambuliwa na mamlaka husika katika nchi yake, kisha uiandikie Tume kuuliza kama shahada hiyo, iliyosomwa kwa njia ya mtandao, itatambuliwa hapa. Fanya hivyo kabla ya kutuma hata senti moja. Mwajiri wa serikali atakudai barua ya utambuzi siku ya kupandishwa cheo, na siku hiyo utakuwa umekwisha kumaliza karo.

Hatua ya 3: Fahamu jina la shahada linabeba nini

Mwaka 2005 mashirika ya kitaaluma ya ACM na IEEE yalitoa ripoti ya mitaala iliyoigawa taaluma hii katika matawi matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Kwa ufupi, sayansi ya kompyuta ina hisabati nyingi na nadharia ya kanuni za ukokotoaji. Teknolojia ya habari inaegemea mitandao, seva, usalama na huduma kwa watumiaji. Mifumo ya habari inasimama kati ya kompyuta na biashara. Siku hizi kuna pia shahada za usalama wa mtandao na za sayansi ya data. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023 na chenye makao Konza, kilianza na zote mbili miongoni mwa programu zake, na kinafundisha kwa njia ya mtandao.

Chagua tawi lililo karibu na kazi unayoifanya sasa, hata kama jingine linavuma zaidi. Nilipofika kwenye kozi ya mitandao, nusu ya yale tuliyofundishwa nilikuwa nimeyashika kwa mikono yangu mchana wa siku hiyohiyo, na hilo lilinipunguzia saa nyingi za usiku. Na kama unachohitaji ni nyongeza ya mshahara mwaka huu, zungumza na mkuu wako wa idara kwanza: huenda cheti cha kitaaluma kama CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco ambacho hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa, kikakutosha kwa sasa.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu mitihani na mafunzo ya kazini kabla ya kuuliza karo

Hapa ndipo nilipoumia, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Chuo cha kwanza nilichojiunga nacho kilitangaza shahada ya mtandaoni. Masomo yalikuwa mtandaoni kweli, na nilisoma muhula mzima bila tatizo. Ratiba ya mitihani ilitoka wiki mbili kabla. Karatasi zote nne zilikuwa katika bewa kuu, siku za kazi, saa tatu asubuhi, katika wiki ya mwisho wa mwezi, wakati ambapo kampuni yetu hufunga hesabu na hakuna fundi anayeruhusiwa kutoka. Nilibakiwa na siku mbili za likizo. Nilifanya karatasi mbili, mbili zikanipita, na nilipoomba kuzifanya baadaye niliambiwa nirudie kozi hizo na kuzilipia upya. Hakuna aliyenidanganya. Sikuwa nimeuliza.

Neno mtandaoni, basi, lina maana zaidi ya moja. Kuna programu ambazo kila kitu, pamoja na mtihani, hufanyika kwa kompyuta yako huku kamera ikikutazama. Kuna nyingine ambazo masomo ni ya mtandaoni lakini mitihani ni ya kuhudhuria, na nyingine zinazokutaka chuoni kwa siku kadhaa kila muhula kwa kazi za maabara. Zote ni halali, na kwa mtu anayekaa Juja au Kahawa mtihani wa kuhudhuria katika chuo kilicho jirani unaweza hata kuwa afadhali kuliko kuutegemea mtandao wa nyumbani. Lililo muhimu ni kujua mapema.

Mafunzo ya kazini, yale tunayoyaita atachimenti, yanahitaji uangalifu uleule. Mwanafunzi wa kawaida huenda kwenye kampuni kwa wiki nane au kumi na mbili; mwajiriwa hawezi kuiacha kazi yake kwa muda huo. Vyuo vingine hukubali uyafanyie mahali ulipoajiriwa, mradi kazi yenyewe iwe ya kompyuta, uwe na msimamizi mwenye ujuzi huo, na daftari lako la kumbukumbu litiwe saini kila wiki. Mimi niliandika humo kila hitilafu niliyoitengeneza: Jumanne, swichi ya ghorofa ya pili imeungua, imebadilishwa, mipangilio imerudishwa kutoka nakala ya akiba. Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliliona daftari hilo linatosha. Ikiwa wewe ni karani au mhudumu wa benki, zungumza na idara ya rasilimali watu mapema uone kama unaweza kuhamishiwa kitengo cha kompyuta kwa wiki hizo.

Barua ninayowapa wenzangu waitume kwa barua pepe ni hii:

"Kwa Msajili wa Masomo. Bwana au Bibi, mimi ni mwajiriwa wa kutwa jijini Nairobi na ninakusudia kujiunga na shahada yenu ya teknolojia ya habari katika muhula wa Septemba. Ninaomba kufahamishwa mambo manne. Mitihani ya mwisho wa muhula hufanyiwa wapi, siku zipi na saa ngapi, na je, ninaweza kupata ratiba za mitihani za mihula miwili iliyopita? Mafunzo ya kazini huchukua wiki ngapi, na je, yanaweza kufanyiwa mahali nilipoajiriwa? Muda wa juu wa kukamilisha shahada ni miaka mingapi? Mwanafunzi akiahirisha muhula, karo aliyolipa huhamishwa au hupotea?"

Ombi la ratiba zilizopita ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Ahadi zinaweza kubadilika, lakini ratiba mbili za kweli zinakuonyesha mazoea ya chuo. Ziweke kando ya kalenda ya ofisi yako na uone zinagongana wapi. Chuo kisichokujibu ndani ya wiki tatu kabla hujalipa kimekuonyesha jinsi kitakavyokujibu ukikwama.

Hatua ya 5: Kwa chuo cha ng'ambo, geuza saa zao ziwe zako

Darasa la moja kwa moja linaloanza saa moja jioni New York linaanza saa tisa usiku Nairobi wakati wa majira yao ya baridi, na saa nane usiku wakati wa kiangazi, kwa kuwa Marekani hubadilisha saa mwezi Machi na Novemba nasi hatubadilishi. Hakuna mfanyakazi atakayelistahimili hilo kwa miaka minne. Uliza kama madarasa hurekodiwa na kama kuhudhuria kuna alama. Kwa upande mwingine, kazi inayotakiwa kabla ya saa sita usiku wa Jumapili huko inakupa wewe hadi asubuhi ya Jumatatu. Uingereza iko karibu zaidi: tofauti ni saa tatu au mbili tu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya karo kwa shilingi, kwa viwango viwili

Karo ya dola 2,400 kwa mwaka ilikuwa takriban shilingi 384,000 mwezi Januari 2024, dola ilipofika kama shilingi 160. Miezi michache baadaye, dola iliposhuka hadi karibu 130, karo hiyohiyo ikawa shilingi 312,000. Tofauti ya shilingi 72,000 kwa mwaka yatosha kumfukuza mtu masomoni. Panga bajeti kwa kiwango kibaya. Ongeza ada ya usajili, ya mitihani, ya mahafali, na bando la intaneti la kila mwezi. Ninapendelea chuo kinachotoza kwa kila kozi kuliko kinachotoza kwa muhula mzima, kwa sababu ukichukua kozi mbili unalipia mbili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, imekuwa na mkopo kwa waajiriwa wanaojiendeleza. Kabla ya kuuomba, uliza makato ya kila mwezi yatakuwa kiasi gani.

Hatua ya 7: Ujaribu mfumo wa chuo katika hali yako halisi

Omba kufunguliwa somo moja la majaribio. Lifungue kwa simu ndani ya matatu saa kumi na mbili jioni, kisha nyumbani usiku. Angalia kama video inaweza kupakuliwa, kama kuna maandishi yake, na kama kazi uliyoandika nusu inahifadhiwa mtandao unapokatika. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Mwanafunzi aliyekuwa amepakua masomo yake aliendelea kusoma. Uliza pia kanuni ya chuo iwapo umeme utakatika katikati ya mtihani, na weka laini ya pili ya simu yenye bando pamoja na laptopu ambayo betri yake hudumu saa tatu.

Hatua ya 8: Zungumza na mwajiri, kisha ulipe

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Tenga siku kumi kati ya hizo kwa mitihani na uziombe kwa maandishi mara tu tarehe zinapotoka. Msimamizi wangu alipoona tarehe za mwaka mzima kwenye karatasi moja, alipanga zamu za wengine kuzizunguka. Nilipokuwa nikimwomba siku moja moja, mara nyingi alikataa, na sikumlaumu.

Ukishalipa na kusajiliwa, tafuta tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila adhabu na uiandike kwenye kalenda ya simu yako, wiki moja kabla yake. Siku hiyo ikifika, rudi kwenye ile karatasi ya saa 168, ujaze saa ulizosoma kweli tangu muhula uanze, na kama kwa wiki hazifiki nane kwa kozi ya kuandika programu au tano kwa kozi ya nadharia, punguza kozi moja kabla dirisha halijafungwa.