Datsun 240Z ya rali: kuifufua na kuituni kwa mashindano ya kihistoria

Somo hili ni la mwenye Datsun 240Z, au anayeinyemelea, anayetaka iingie kwenye rali za magari ya kihistoria ikiwa halali na ikiwa na uwezo wa kumaliza. Neno kumaliza nimeliweka makusudi. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mara ile ya pili Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun 1800SSS, ikabidi mshindi aamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Nguvu za farasi hazikuamua kitu pale. Kwa hiyo kila nitakachoeleza hapa kinapimwa kwa swali moja: je, kitalifikisha gari mwisho?

Hatua ya kwanza: makaratasi

Usishike spana bado. FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ina kanuni za magari ya kihistoria ziitwazo Nyongeza K, na gari likikubaliwa hupewa pasi ya kiufundi, ile inayojulikana kwa herufi HTP. Hutolewa kupitia chama cha michezo ya magari cha nchi yako kilicho chini ya FIA, na hudumu kwa muda usiozidi miaka 10. Ndani yake gari zima limeelezwa na kupigwa picha: injini, kabureta, breki, rimu, hata difu. Mkaguzi atasimama na pasi hiyo mkononi mbele ya gari lako na kulinganisha.

Sambamba nayo tafuta fomu ya homologesheni ya 240Z, hati iliyowasilishwa FIA na kiwanda zama zile pamoja na nyongeza zake. Hiyo ndiyo sheria ya gari lako. Zingatia pia kipindi: magari ya 1970 hadi 1971 yako G2, na ya 1972 hadi 1975 yako H1. Ukiomba pasi ya G2, kifaa kilichoidhinishwa mwaka 1973 hakikusaidii hata kama kiliwekwa na kiwanda chenyewe. Chagua kipindi kwanza, kisha ndipo ununue vifaa. Nimeona watu wakinunua seti nzima ya breki nzuri kabisa ambayo hakuna mkaguzi angeweza kuipitisha.

Hatua ya pili: bodi

Hapa ndipo muda wako mwingi utaishia, na ndivyo inavyopaswa. 240Z haina chesisi inayojitegemea. Bodi ndiyo chesisi, na bati lake ni jembamba. Ivue gari mpaka libaki ganda tupu, toa lami na sponji za sakafuni, kisha chukua bisibisi yenye ncha na uchokonoe. Anzia chini ya betri. Tindikali ya miaka mingi huchuruzika kutoka kwenye trei na kula reli ya mbele iliyo chini yake, na ukiangalia kwa juu huoni kitu. Nenda kwenye sakafu na reli zake, kona za nyuma ya milango, mahali pa tairi la akiba, na chini ya kioo cha mbele ambako majani na maji hujikusanya. Palipojazwa puti pigapiga kwa nyundo ndogo, sauti itakuambia.

Kabla ya kukata chochote, pima. Vuta mistari ya mshazari kutoka alama moja hadi nyingine, kushoto na kulia, kwenye sehemu za kufungia sasipensheni, na uandike vipimo. Gari ambalo limewahi kugonga mti litajitaja hapo. Ukishakata reli bila kulifunga ganda kwenye fremu imara, milango haitafunga tena vizuri, na mbaya zaidi magurudumu manne hayatakubaliana njia.

Wakati wa kuchomelea, fanya vipande vifupi na uhame upande, bati lipoe. Maungio yaliyoshikwa kwa nukta kiwandani yanaweza kuongezewa mishono mifupi, na minara ya springi, mbele na nyuma, ndiyo inayostahili kutangulia. Soma kanuni za kundi lako kuhusu kuimarisha bodi. Bati la nyongeza linatakiwa kufuata umbo la asili na kulilalia.

Keji ya mabomba, ile inayowalinda walio ndani gari likipinduka, usiibuni. Kwa mujibu wa kifungu cha 253 cha Nyongeza J ya kanuni za FIA, upinde mkuu ni bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5 au 50 kwa 2.0, na mabomba mengine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Nyayo za upinde mkuu zikalie sahani ya milimita 3 yenye eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba. Keji iliyokanyaga sakafu yenye kutu ni mzigo tu.

Hatua ya tatu: miguu, difu na breki

Magurudumu yote manne yanashikiliwa na strati, yaani springi na shokomzoba zikiwa kifaa kimoja. Badilisha bushi zote, na uwe na subira na pini ndefu za chini za nyuma zinazopita kwenye kibebea beringi. Zimeota kutu humo kwa nusu karne. Ondoa kwanza boliti ndogo inayoifunga pini katikati, mwagia mafuta ya kulainisha kutu kwa siku kadhaa, kisha ivute kwa presi. Ukiipiga nyundo kichwani, uzi unapanuka na pini haitoki tena mzima.

Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya 1971 yana difu iliyokaa mbele kidogo, hivyo ekseli zake zinafanya kazi zikiwa zimekaa mshazari. Baadaye kiwanda kiliirudisha nyuma milimita 35. Kama lako ni la mwanzo, kagua misalaba ya ekseli kila baada ya rali.

Breki: diski mbele, ngoma nyuma. Zikiwa katika hali nzuri zinatosha kuliko watu wanavyodhani. Pistoni mpya za kalipa, mabomba mapya, na mafuta ya breki mapya kabla ya kila tukio, maana hunyonya unyevu hewani na yakipata moto huchemka.

Wayaringi ifanye upya yote. Hilo halihitaji mjadala.

Hatua ya nne: injini

L24, injini ya 240Z, ni silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393, kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa 73.7. Ni injini ngumu kuua, na ndiyo sababu mafundi wengi huidharau wakati wa kuifunga.

Ukifungua gia ya kamshafti, gongomea kwanza kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni. Bila hiyo kibana cheni kinatoka mahali pake na utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele. Kamshafti ikichongwa upya, mduara wa msingi wake unapungua, basi roka zinakaa pembe nyingine. Paka rangi ya kupimia juu ya roka, zungusha injini kwa mkono, uangalie alama ya msuguano: iwe katikati ya uso wa roka. Ikikimbilia ukingoni, badili unene wa vibati vilivyo juu ya valvu hadi irudi. Kazi hii inachosha, na ukiiruka utakula kamshafti mpya ndani ya rali moja. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 za kuingizia na 0.25 za kutolea. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30.

Pampu ya oili ndiyo inayobeba shafti ya kuzungushia distribyuta. Silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, ulimi wa shafti hiyo unatakiwa kulala kama mstari unaotoka namba 11 kwenda namba 5 kwenye uso wa saa, nusu yake ndogo ikitazama mbele. Ukikosea jino moja utahangaika na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, wiki nzima.

Badilisha puli ya krenki. Mpira wake unapunguza mtetemo wa krenki ndefu ya silinda sita, na mpira wa zamani huteleza. Ukiteleza, hata alama za taimingi zinadanganya.

Hatua ya tano: kutuni

Tuseme fomu yako inakuruhusu kabureta tatu za Weber DCOE 40. Mambo yana mpangilio, na mpangilio ndio ufundi wenyewe: valvu kwanza, kisha umeme, kabureta mwisho. Anayegusa jeti, vitundu vinavyopimia petroli na hewa, kabla ya kuhakikisha taimingi anatibu ugonjwa asioujua.

Kwa taimingi, tumia taa ya taimingi na uangalie jumla, si sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa). Nyuzi 34 hadi 36 kabla ya kilele, injini ikiwa kwenye mizunguko 3500 na zaidi, ni pazuri pa kuanzia kwa L24 yenye mgandamizo wa kawaida. Ikigonga kwenye mzigo, rudisha nyuzi mbili.

Shinikizo la petroli liwe kati ya baa 0.2 na 0.25. Likizidi, sindano za kabureta hazizuii, petroli inafurika, na utadhani jeti ni kubwa.

Kisha oanisha hewa. Fungua viungo vya fimbo, pima mvuto wa kila kabureta kwa kipimo cha hewa, zilingane, ndipo ufunge viungo bila kuvisogeza. Kila skrubu ya mchanganyiko igeuze taratibu mpaka silinda hiyo ivute vizuri zaidi.

Kwa jeti kuu, kanuni ya kuanzia ni kipenyo cha venturi, koo jembamba la kabureta, mara nne: venturi ya 32 inakupa takriban 130. Jeti ya hewa ongeza 50 juu yake, na bomba la mchanganyiko anza na F11 au F16. Baada ya hapo kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi ndicho kiongozi: mguu ukiwa chini kabisa, sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya petroli. Gari likisita unapokanyaga kidogo kidogo kutoka kwenye kona, usikimbilie jeti kuu, kwani hapo linaendeshwa na jeti za sailensa. Sehemu hiyo ndogo ya kanyagio ndiyo dereva wa rali anayoishi nayo siku nzima. Ipe muda kuliko kilele cha nguvu.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, shikamoo. Nina bloku ya L28 iko safi kabisa. Kwa nje ni sawa na L24. Nikiifunga kuna atakayejua?

Jibu: Marahaba. Atajua, maana aina ya injini imepigwa mhuri kwenye bloku na mkaguzi anajua pa kuangalia. Lakini hata asingejua, gari hilo lisingekuwa tena lile la kwenye pasi. L28 ilikuja na 280Z mwaka 1975. Iuze, ununue pistoni nzuri za L24.

Swali: Kaka, gari langu linawaka vizuri asubuhi, ila nikilizima likiwa moto kwa dakika kumi, kuliwasha ni shida. Koili nimebadili.

Jibu: Ndugu yangu, koili haina kosa. Kwenye L24 ekzosi iko upande uleule wa kabureta, chini yake. Ukizima, joto linapanda na petroli inachemka kwenye bakuli na mabomba. Weka ngao ya joto kati yake, hamisha bomba la petroli mbali na kichwa cha injini, na urudishie njia ya mafuta ya kurudi tenki kama mtu aliiziba.

Swali: Rali tunayoiendea inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 2000. Nituni kwa wapi?

Jibu: Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila mita 1000, kwa hiyo ukipanda injini inapata petroli nyingi mno. Tuni kwa chini. Huko juu litakuwa zito kidogo na plagi zitaweka masizi, lakini salama. Ukituni kwa juu, ukishuka hewa inazidi na unaweza kutoboa pistoni. Kama hatua ndefu za rali zote ziko juu, beba jeti kuu ndogo zaidi na uzibadili kwenye kituo cha huduma.

Swali: Naomba kuuliza kuhusu pointi za distribyuta. Naweza kuweka umeme wa kisasa ndani ya kifuniko, usionekane?

Jibu: Usifiche kitu, dada. Kama mfumo huo haumo kwenye hati za kipindi chako, baki na pointi: nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55, pembe ya kufunga nyuzi 35 hadi 41. Zikianza kumisi mizunguko ya juu, kagua springi ya pointi na uchakavu wa shafti ya distribyuta. Ishike shafti uitikise pembeni. Ikicheza, taimingi ya silinda sita haiwezi kuwa moja. Weka bushi mpya kwanza, kisha pima tena.