Kufuatilia mswada wa kaunti ukiwa Malindi

Bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa Malindi, ingawa gavana yuko Kilifi mjini. Kwa mkazi wa Maweni, Barani au Shella hiyo ni bahati ya kutumiwa: sheria ya kupanga ada ya kibanda chako inajadiliwa umbali wa safari ya tuktuk, na Ibara ya 196 ya Katiba inataka vikao vya bunge na vya kamati zake viwe wazi kwa umma.

Upate kwanza mswada wenyewe, si uvumi wake. Huletwa na mwakilishi wadi yeyote au kamati. Ukigusa fedha, unasonga tu kwa pendekezo la kamati husika baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha wa kaunti, na hapo mswada unaweza kukwama muda mrefu. Nenda ofisi ya karani wa bunge, uombe nakala iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kwenye daftari andika jina, nambari, mwaka, tarehe ya kuchapishwa, aliyeuleta na kamati. Usiache mwaka: Mswada wa Fedha hurudi kila mwaka kwa jina lile lile, na ni rahisi kujikuta ukipinga karatasi ya mwaka jana.

Soma jedwali kabla ya vifungu. Vifungu husema tu kwamba ada zitatozwa kama zilivyo kwenye jedwali. Pesa zenyewe ziko kurasa za nyuma. Tazama kipimo. Tuseme ni shilingi 50 "kwa siku": mwenye kibanda akiona 50 hupita, kumbe kwa siku 30 ni 1,500.

Kusomwa kwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Mswada hutajwa, kisha hupelekwa kwa kamati, nayo kamati huita maoni ya umma. Hapa ndipo pa kukazana, maana kamati ikishaandika ripoti yake, kubadilisha neno moja kunakuwa kazi ngumu. Muda wa maoni huwa mfupi, kwa hiyo andika waraka wako kabla ya tangazo kutoka. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, kwa karani wa bunge. Kwa kila jambo toa nambari ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayotaka na sababu:

"Jedwali, kipengele cha 12. Badala ya 'kila chombo cha uvuvi', iwe 'kila chombo cha uvuvi chenye injini'. Sababu: mtumbwi wa makasia utalipa sawa na boti, na mapato yake hayalingani."

Ukiandika tu "ada ni kubwa, wananchi wanaumia", ni kweli, lakini kamati haina cha kurekebisha. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri na tarehe. Muhuri huo una uzito, maana unaonyesha kwamba maoni yako yalifika: mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Kusomwa kwa mara ya pili hujadili msingi wa mswada. Baadaye bunge zima hukaa kama kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, na nakala uliyonayo huanza kuchakaa. Omba ripoti ya kamati na orodha ya marekebisho. Ukitaka mwakilishi wako alete rekebisho, mkabidhi likiwa limeandikwa, mapema, ili alifikishe kwa karani kabla ya kikao. Kusomwa kwa mara ya tatu ndiko kunakoupitisha.

Kuanzia hapo hesabu siku. Spika ana siku 14 kuupeleka kwa gavana, naye gavana ana siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake. Akirudisha, bunge laweza kuurekebisha, au kuupitisha vilevile kwa thuluthi mbili. Akinyamaza mpaka muda uishe, unahesabiwa kuwa umekubaliwa.

Wengi huacha kufuatilia kwenye sahihi, na hapo huumia. Sheria huchapishwa ndani ya siku 7 baada ya kukubaliwa, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Mtoza ushuru akija sokoni na ada mpya, muulize tarehe ya gazeti rasmi lililochapisha sheria, uiandike daftarini, uone kama siku ya kuanza kutumika imefika. Ukilazimika kulipa kabla ya siku hiyo, dai risiti yenye tarehe.